Je, Kifafa Kinarithiwa? Somo Juu ya Mdundo na Mtandao wa Ubongo

Somo hili ni la kusoma pamoja, iwe ni katika kikundi cha akina mama, vijana, wazee wa kijiji, au familia nyumbani. Litachukua kama saa moja na nusu. Mwenye kuongoza atayarishe vitu vitatu: kamba nyembamba za katani, maharagwe 100, na sahani mbili.

Lengo la somo: Mwisho wa somo kila mmoja aweze kumweleza jirani yake (1) ni kitu gani hasa kinachoweza kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, (2) kwa nini ndugu wa mgonjwa si mgonjwa, na (3) la kufanya nyumbani penye kifafa.

UTANGULIZI

Mpendwa msomaji, kuna maswali watu huuliza wazi katika baraza, kama vile habari ya mbolea, maji au karo. Swali la kifafa haliulizwi hivyo. Mtu humngoja mhudumu wa afya hadi njiani, wakiwa wawili peke yao, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Daktari, ati huu ugonjwa ni wa ukoo?"

Nyuma ya swali hilo kuna jambo zito. Pengine ni mama mwenye mtoto mmoja anayeanguka, naye anaogopa kuzaa mwingine. Pengine ni kijana mzima kabisa, hajaanguka hata siku moja, lakini kaka yake ni mgonjwa na sasa anataka kuoa. Pengine ni msichana ambaye posa yake imerudishwa, na hakuna aliyemwambia sababu.

Majibu mawili husikika sana vijijini. La kwanza: "Ndiyo, ni wa ukoo, msiingie katika nyumba ile." La pili: "Hapana, hakuna cha ukoo, huyo amerogwa." Yote mawili yamewaumiza watu. Katika somo hili tutajifunza jibu la tatu: katika aina fulani za kifafa, kinachorithiwa si kifafa chenyewe. Kinachorithiwa ni namna ubongo unavyopiga mdundo wake na namna sehemu zake zilivyounganishwa. Mtu aweza kuwa na urithi huo hadi uzeeni asianguke hata mara moja.

1. KIFAFA NI NINI?

Ubongo wa mtu una seli, yaani chembe hai, kama bilioni 86. Seli hizo huzungumza kwa umeme mdogo sana. Ndiyo, stima! Si ya kuwasha taa, lakini ni umeme wa kweli. Kila seli ina milango midogo kwenye ukuta wake, na chumvi za namna ya sodiamu, potasiamu na kalsiamu huingia na kutoka hapo. Chumvi zikipita, umeme huwaka kidogo halafu huzima. Hivyo ndivyo unavyosoma ukurasa huu na ndivyo mkono wako unavyoushika.

Siku ya kawaida seli hizi hufanya kazi kwa zamu. Hawa wanasema, wale wanasikiliza, wengine wanapumzika. Mshtuko wa kifafa hutokea wakati kundi kubwa la seli linapowaka pamoja kwa nguvu bila mpango. Mshtuko ukishika ubongo wote, mtu huanguka, hukakamaa na kutetemeka. Ukishika sehemu moja tu, pengine mkono mmoja hucheza, au mtu hutafuna midomo na kushikashika nguo bila kujua. Kuna watoto ambao hukodoa macho tu kwa sekunde chache, kama mtu anayeota mchana, kisha huendelea na kazi yao. Mwalimu asiyejua humchapa mtoto huyo ati ni mvivu.

Mtu akianguka mara moja tu, hicho bado si kifafa. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba hadi watu 10 kati ya 100 huweza kupata mshtuko mmoja katika maisha yao. Kifafa ni pale mishtuko inaporudi yenyewe, bila homa au sababu nyingine ya wakati ule ule. Ulimwenguni kuna watu kama milioni 50 wenye kifafa, na wengi wao wako katika nchi za kipato kidogo kama zetu.

Jambo lingine: kifafa hakiambukizi. Povu la mgonjwa ni mate tu. Wako watu walioungua vibaya kwa sababu walianguka motoni na waliosimama karibu wakaogopa kuwagusa.

2. UBONGO UNA MDUNDO

Daktari mmoja Mjerumani, Hans Berger wa mji wa Jena, mwaka 1924 alifaulu kupima umeme wa ubongo wa mtu kwa kuweka waya kichwani. Mwaka 1929 aliandika habari zake, na wengi hawakumwamini. Aliona kwamba mtu akikaa kimya na kufumba macho, sehemu ya nyuma ya kichwa hutoa mawimbi yanayopanda na kushuka kama mara 8 hadi 13 kwa kila sekunde. Akifumbua macho, mawimbi hayo hupungua. Mawimbi hayo aliyaita alfa.

Kipimo hicho kingali kinatumika, nacho hospitalini hukiita EEG. Mgonjwa hubandikwa vidude vidogo kichwani na mashine huchora mawimbi. Hakiumi, na wala hakitii umeme kichwani. Kinasikiliza tu, kama vile daktari anavyosikiliza moyo.

Mwaka 1935 wachunguzi wa Boston, Marekani, waliona kwamba watoto wale wanaokodoa macho wana mchoro wa pekee, yaani mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, mara 3 kwa sekunde. Kisha wakauliza swali letu la leo: je, na jamaa zao? Mwaka 1940 waliandika kwamba wamewapima wazazi na ndugu wa wagonjwa, na wengi wao walikuwa na mdundo usio wa kawaida ingawa hawakuwa wagonjwa. Basi tangu wakati huo imejulikana kwamba mdundo waweza kupita katika ukoo hata pale ambapo ugonjwa haukupita.

Usishangae. Mapacha wa kufanana wakipimwa, michoro yao hufanana sana, kama vile sura zao. Unarithi pua ya baba na mwendo wa nyanya yako. Mdundo wa ubongo nao ni vivyo hivyo.

3. ZOEZI LA KAMBA

Sasa wekeni karatasi chini, tusimame.

Hatua ya kwanza. Watu 12 wasimame katika duara. Kila mmoja afungwe kamba kwenye kifundo cha mkono, isimbane, imuunganishe na jirani wa kulia na wa kushoto tu. Kila mtu ni sehemu moja ya ubongo. Kila mmoja apige mguu chini taratibu kwa mwendo wake mwenyewe. Sikilizeni: kuna kelele kidogo, lakini hakuna fujo. Huo ni ubongo unaofanya kazi.

Hatua ya pili. Kiongozi amguse mtu mmoja begani. Huyo aanze kupiga mguu kwa nguvu na kuvuta kamba zake. Atakayevutwa mara mbili aige mwendo ule na yeye awavute wengine. Hesabuni itachukua muda gani duara lote kupiga pamoja. Itakuwa pole pole, na mara nyingine mwendo utakufa njiani.

Hatua ya tatu. Ongezeni kamba. Chagueni watu watatu, kila mmoja aunganishwe na watu watano au sita. Kiongozi amguse mtu tena. Mtaona mwendo unaenea upesi sana, hasa ukimfikia mmoja wa wale watatu, na kwa muda mfupi nyumba yote inatikisika.

Hatua ya nne. Acheni kamba zile zile nyingi, lakini kiongozi asimguse mtu yeyote. Kila mmoja aendelee na mwendo wake. Kuna nini? Hakuna kitu. Duara limetulia, ingawa kamba ni zile zile zilizoleta fujo sasa hivi.

Ulizeni: katika hatua ya tatu na ya nne, kamba zilikuwa tofauti? Hapana. Kilichokuwa tofauti ni mguso. Hatua ya tatu ni mgonjwa. Hatua ya nne ni ndugu yake.

Duara letu ni mfano tu, na ubongo ni zaidi sana ya watu 12. Lakini mfano huu unakaribia kile kilichoonekana kwa vipimo.

4. WACHUNGUZI WALIONA NINI KATIKA FAMILIA?

Mwaka 2014 wachunguzi wa King's College, London, walitoa habari za watu 117 waliopimwa EEG. Watu 35 walikuwa na kile kifafa kinachoshika ubongo wote na ambacho hakitokani na jeraha wala kovu. Watu 42 walikuwa jamaa zao wa karibu, yaani wazazi, watoto na ndugu, ambao hawajawahi kuugua. Watu 40 walikuwa wa kawaida, bila kifafa katika ukoo.

Hawakutafuta mishtuko. Waliangalia mawimbi ya wakati wa kutulia, na kwa hesabu za kompyuta wakachora ni sehemu gani ya ubongo inakwenda pamoja na ipi. Huo ndio mtandao, zile kamba zetu. Katika mawimbi ya mara 6 hadi 9 kwa sekunde, mtandao wa wagonjwa ulikuwa tofauti na wa watu wa kawaida: viungo vilikuwa vingi zaidi, na havikugawanyika sawasawa. Jambo kubwa ni kwamba, katika baadhi ya vipimo hivyo, jamaa zao wazima walikuwa na tofauti ya namna ile ile.

Wachunguzi wakasema hivi: mtandao wa namna hii yaonekana ni wa kurithi, lakini peke yake hautoshi kuleta kifafa. Tafadhali rudieni maneno hayo mara mbili katika kikundi. Hautoshi. Wale jamaa 42, kama kundi, walikuwa na mtandao unaofanana na wa wagonjwa, na hawakuwa wagonjwa.

Na mtu asije akakimbilia hospitali akitaka apimwe ili ajue kama "anayo". Tofauti hizi huonekana unapolinganisha kundi na kundi. Haziwezi kumwambia mtu mmoja, "Wewe utaanguka" au "Wewe hutaanguka." Hata kwa mgonjwa mwenyewe, EEG yaweza kutoka safi kabisa naye ana kifafa. Daktari hupima ugonjwa kwanza kwa kusikiliza habari za aliyeona mtu akianguka. Kwa hiyo anayempeleka mgonjwa kliniki awe ni yule aliyemwona. Akiwa na simu ya kupiga picha za video, na picha ile ikapigwa kwa heshima, itamsaidia daktari sana.

5. MBONA MMOJA AANGUKE NA MWINGINE ASIANGUKE?

Mama mmoja, baba mmoja, chungu kimoja. Mbona mmoja aanguke?

Kwanza, urithi wenyewe si kitu kimoja. Katika vifafa vingi vya ukoo ni vitu vidogo vidogo vingi, kila kimoja na nguvu kidogo. Baadhi vinahusu ile milango ya chumvi tuliyoitaja. Mtoto mmoja hupata vingi na mwingine hupata vichache. Hakuna mzazi anayechagua, kwa hiyo baba asimlaumu mama, wala ukoo wa mama usilaumiwe.

Pili, kuna vifafa vikali vya utotoni ambavyo badiliko lake huanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana. Kwa hiyo hata neno "urithi" laweza kutumiwa vibaya.

Tatu, kuna miguso. Kukosa usingizi ni mguso mkubwa. Pombe ni mguso, hasa asubuhi baada ya kulewa. Homa, njaa ya muda mrefu, kusahau dawa, na kwa watu wachache taa zinazowakawaka. Kwa baadhi ya wanawake, siku za hedhi.

Kuna kifafa kimoja cha ujana ambacho yafaa wazazi na walimu wakijue. Huanza mara nyingi kati ya miaka 12 na 18. Asubuhi kijana akiamka, mikono hushtuka ghafla, kikombe cha chai kinamponyoka. Nyumbani wanasema ni mzembe. Halafu siku moja baada ya mkesha, au wakati wa mitihani akiwa hajalala, anaanguka kabisa. Kifafa hiki hufuata koo mara nyingi, na dawa inayofaa hukituliza vizuri. Lakini kuna dawa za kifafa, kama karbamazepini na fenitoini, zinazoweza kuzidisha ile mishtuko ya asubuhi. Kwa hiyo mwambieni daktari habari za kikombe. Msidhani ni jambo dogo.

6. SI KILA KINACHOKAA KATIKA UKOO KIMERITHIWA

Hapa tuwe waangalifu. Huko Mahenge, Tanzania, kwenye milima ya Wapogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wengi ajabu, na akaona kwamba wamejaa katika familia fulani. Yeyote angesema ni urithi tu. Lakini miaka ya baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba huko kifafa kinahusiana sana na ugonjwa wa usubi, yaani minyoo inayoletwa na inzi wadogo weusi wa mtoni. Watu wa nyumba moja hulima shamba moja karibu na mto mmoja, na inzi ni wale wale. Watu wa ukoo mmoja hurithishana damu, lakini pia hurithishana shamba na mto.

Hapa Kenya, wachunguzi wa Kilifi katika maandishi ya mwaka 2008, na tena mwaka 2013 pamoja na wenzao wa Tanzania, Uganda, Ghana na Afrika Kusini, waliona mambo kadhaa yanayoandamana na kifafa. Kuwa na jamaa mwenye mishtuko ni moja. Lakini pia kulikuwa na kuumia kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa, na vimelea kama minyoo ya nguruwe. Malaria kali ya kichwani nayo huacha kovu.

Na degedege? Huu ni mshtuko wa homa kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Huko Pwani wengine huuita nyuni, wakidhani ni ndege anayepita juu ya nyumba. Nao hufuata koo, lakini watoto wengi waliopata degedege hawapati kifafa baadaye. Mpeleke mtoto hospitali siku ile ile, kwa sababu homa yenyewe yaweza kuwa malaria au ugonjwa wa uti wa mgongo.

Faida ya kujua haya ni hii: mdundo uliorithi huwezi kuubadilisha, lakini mambo mengi kati ya haya yanazuilika. Mama ajifungulie hospitali. Watoto walale ndani ya neti. Abiria wa bodaboda avae kofia ya chuma. Nguruwe afungiwe bandani, na choo kitumike.

7. HESABU YA MAHARAGWE

Kiongozi amwage maharagwe 100 kwenye sahani ya kwanza. Semeni: hawa ni watoto 100 wa nyumba zisizo na kifafa. Toeni moja. Huyo, na labda sehemu ya wa pili, ndiye atakayepata kifafa kabla ya miaka 40.

Sasa rudisheni, muanze tena. Hawa ni watu 100 ambao kila mmoja ana mzazi, ndugu au mtoto mwenye kifafa. Toeni 5. Wamebaki wangapi? Wamebaki 95.

Hesabu hii ilitoka Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, ikachapishwa mwaka 2014. Huko walifuata rekodi za hospitali kwa miaka mingi. Kwetu, mahali ambapo malaria na ajali pia huleta kifafa, hesabu yaweza kutofautiana, na kuna vifafa vichache ambavyo urithi wake ni mkubwa zaidi. Lakini fundisho ni lile lile. Hatari imeongezeka, hatusemi uongo. Hata hivyo sahani bado imejaa. Pitisheni sahani zote mbili, kila mtu azione kwa macho.

8. SIKU YA POSA

Kijana wa upande mmoja anataka kumwoa msichana ambaye kaka yake ana kifafa. Wazee wamekaa, chai imenywewa. Wawili waigize mazungumzo haya, halafu kikundi kijadili.

Msemaji wa kijana: "Wazee wetu, msitukasirikie. Kuna neno tumelisikia. Ati katika nyumba hii kuna kifafa."

Baba mdogo wa binti: "Hatukasiriki, mzee. Mmesikia kweli. Kijana wetu wa pili anaugua, na anatumia dawa. Tangu mwaka jana hajaanguka."

Msemaji: "Na binti?"

Baba mdogo: "Binti hajaanguka tangu azaliwe. Huenda ana mdundo kama wa kaka yake, huenda hana, hata daktari hawezi kusema. Lakini mdundo si ugonjwa."

Msemaji: "Na wajukuu wetu, mzee?"

Baba mdogo: "Hilo ni la haki kuuliza. Mtoto wa mgonjwa mwenyewe, hesabu ni kama watano kwa mia. Binti yetu si mgonjwa, kwa hiyo kwa watoto wake ni chini ya hapo. Nanyi, mzee, katika ukoo wenu hakuna sukari? Hakuna presha? Mbona sisi hatukuuliza?"

Angalieni kwamba baba mdogo hakuficha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndoa iliyofichwa jambo huvunjika siku jambo linapojulikana, na hapo ni mwanamke anayerudishwa kwao na watoto.

Wala tusidhani ni sisi peke yetu tulio na kosa hili. Uingereza ilikuwa na sheria ya kuwazuia wenye kifafa wasioe, na haikuondolewa hadi mwaka 1970. India ilikuwa inaruhusu ndoa ivunjwe kwa sababu ya kifafa hadi mwaka 1999. Waliposahihisha sheria, kifafa hakikufurika nchini mwao.

9. LA KUFANYA NYUMBANI

Dawa. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hadi wagonjwa 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila mishtuko wakipata dawa inayofaa na kuimeza sawasawa. Fenobabitoni ni ya bei nafuu na inajulikana sana katika zahanati. Hata hivyo, uchunguzi wa Kilifi ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata matibabu ya kutosha. Dawa haibadilishi kamba ulizorithi. Inatuliza seli zisiwake pamoja. Ndiyo maana hunywewa kila siku, si siku ya kuanguka tu. Kuiacha ghafla ni hatari kubwa, kunaweza kuleta mishtuko mfululizo hadi kifo.

Wasichana na akina mama. Dawa iitwayo valproeti hufanya kazi vizuri kwa vifafa vingi vya ukoo, lakini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Msichana aliyefika umri wa kuzaa aulize daktari kama kuna nyingine inayomfaa, na aulize habari za vidonge vya foliki. Ukiwa tayari una mimba usiache dawa mwenyewe, nenda kliniki upesi.

Mtu akianguka. Mwondolee vitu vya hatari, moto kwanza. Weka kitu laini chini ya kichwa. Legeza nguo ya shingoni. Usimshike kwa nguvu. Usitie kijiko, kidole wala dawa mdomoni. Mtetemeko ukiisha, mlaze kwa ubavu na ukae naye. Angalia saa: ukizidi dakika 5, au akirudia kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali.

Maombi na dawa. Wengi wetu huomba, na ni vizuri. Lakini anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani, huyo anamweka katika hatari. Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita tabibu mmoja wa Uyunani aliandika, katika kitabu kinachowekwa pamoja na maandishi ya Hippocrates, kwamba ugonjwa huu si wa miungu kuliko magonjwa mengine, kwamba makao yake ni ubongo, na kwamba hufuata koo. Ni muda mrefu wa kuendelea kumtafuta mchawi.

Ndugu wazima. Waambieni ukweli mapema. Walale vya kutosha na wajihadhari na pombe, kama kijana yeyote. Hawahitaji dawa, hawahitaji kipimo, na hawahitaji kufichwa.

10. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika lugha zetu za nyumbani kifafa kinaitwaje, na jina hilo linafundisha nini juu ya chanzo chake?
2. Katika zoezi la kamba, "mguso" ni nini katika maisha ya kijana wa kijiji chetu?
3. Je, umewahi kusikia ndoa iliyokataliwa kwa sababu ya kifafa cha jamaa? Bila kutaja majina, ungewaambia nini wazee wale leo?
4. Zahanati yetu ina dawa za kifafa mwezi huu? Nani ataenda kuuliza, na ataleta jibu siku gani?
5. Kuna mtoto aliyeachishwa shule kwa sababu ya kuanguka? Nani atazungumza na mwalimu mkuu?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi aeleze somo hili kwa watu wawili, na mmoja wao awe mwanamume. Tumia maharagwe, kwa maana watu huyakumbuka. Na yule atakayekufuata njiani akuulize kwa sauti ya chini kama ni wa ukoo, usimjibu kwa neno moja. Kaa naye, umweleze habari za kamba, kisha umpeleke kliniki.